Shati la Aliye Hai

Mama muoka mikate alikuwa bado amekaa sakafuni Inspekta alipoingia ukumbini. Watu walishamletea kiti, wakamletea maji, wakampepea kwa karatasi za ratiba, naye hakutaka hata kimoja. Alikuwa ameishika pembe ya chini ya blanketi kubwa lililotundikwa ukutani, na kila aliyejaribu kumwachisha aliambulia macho tu.

Nje maonyesho yaliendelea, maana hakuna aliyethubutu kuwaambia watu warudi makwao. Mavuno yalikuwa yamekwisha, majani yanapukutika na kuziba mifereji, na hii ndiyo wiki pekee katika mwaka ambayo wakulima wa bonde zima walikubali kuvaa viatu safi na kusimama mbele ya picha. Kwenye nyasi walikuwa wakishindanisha maboga. Mshindi alikuwa akipigwa picha amelikumbatia boga lake kwa mahaba ambayo mkewe, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kuyaonja.

"Nani amegusa hili blanketi?" Inspekta aliuliza.

"Kila mtu, afande," alisema Koplo. "Ni maonyesho."

Inspekta alimtazama kidogo, kisha akamgeukia katibu wa kamati, muuguzi mstaafu ambaye hata leo alisimama kama anayengoja daktari apite wodini.

"Nieleze kama unamweleza mgeni."

"Hili tunaliita blanketi la marehemu," alisema katibu. "Kila mwaka baada ya mavuno, nyumba iliyofiwa inaleta kipande cha nguo ya mtu wao, sisi kikundi cha kushona tunakiunga. Halafu tunalitundika hapa pamoja na picha na vinyago. Nguo ya mtu aliye hai hatuipokei. Mtu akituletea tunamfukuza, maana ni kumtakia mwenzio kifo."

"Na leo?"

Aliyejibu ni yule mama, kutoka chini.

"Hili ni shati la mwanangu. Na mwanangu yuko hai. Juzi tu kaniandikia."

Inspekta alichuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa. Kipande chenyewe kilikuwa cha pamba, mistari ya buluu na nyeupe, kimeshonewa pembeni kabisa.

"Mama yangu," Koplo alisema kwa upole, "mistari ya buluu iko kila duka. Hata mimi ninalo."

"La kwako nani alilishona kwa uzi wa kijani?"

Alikunjua ncha ya kipande. Hapo palikuwa na mpasuko wa zamani, umezibwa kwa mishono midogo ya kijani.

"Uzi mweupe uliniishia," mama alisema. "Nikasema, mkia wa shati unachomekwa ndani ya suruali, nani atauona? Anayeujua mkia wa shati ni yule anayelifua. Siku aliyoondoka alikuwa amelivaa hili. Nilimfunga kifungo cha shingo kwa mkono wangu."

Nguo aliyoondoka nayo mtu mwilini ilikuwa imerudi bila mwenyewe, tena ikiwa imekatwa kipande cha msiba.

Habari za kijana huyo kila mtu alizijua. Walimwita Chelewa, kwa kuwa hata kuzaliwa alichelewa, na tangu hapo hakuwahi kuwahi popote. Alikuwa akijifunza useremala kwa baba yake, mzee ambaye ugumu wake ulimpa jina la Msumari. Msimu wa kupanda, asubuhi moja, Chelewa alikwenda karakana, na jioni hakurudi. Badala yake ulikuja ujumbe kwenye simu ya mama: amepata kazi mbali, asitafutwe, mtandao wa huko ni mbovu, hawezi kupiga. Tangu hapo aliandika. Mama alijibu kila ujumbe, akamweleza habari za tanuri, za mvua, za paka aliyezaa ndani ya gunia la unga.

"Sauti yake umeisikia lini?" Inspekta aliuliza.

"Nimekwambia mtandao mbovu."

"Tangu aondoke, hata mara moja?"

Mama muoka mikate aliivuta ile pembe ya blanketi karibu na kifua. "Mwanangu, kama unataka kuniambia kitu, usinizungushe."

"Bado sijui kitu, mama. Nikijua, wewe utakuwa wa kwanza."

Alisema hivyo akijua ni ahadi mbaya, lakini imeshamtoka. Akamwomba katibu ampeleke mama jikoni, nyuma ya ukumbi, akae penye joto.

Katibu aliporudi walikikagua kipande pamoja. "Huu si mkono wetu," alisema akipitisha ukucha. "Sisi tunashona kwa kuficha uzi. Huyu kashona kama anafunga gunia la mahindi. Jana asubuhi blanketi linatundikwa hakikuwepo, ningekiona."

"Mlango?"

"Ulikuwa wazi mchana kutwa. Wasanii walikuwa wanapanga vitu vyao, mafundi wanaingia na kutoka."

Inspekta aliikwaruza pembe ya kipande. Ilikuwa ngumu. Chini ya kucha ilibaki chembe ya rangi ya asali, akainusa.

"Gundi ya mbao. Kwanza alikibandika kisisogee, ndipo akashona. Hajazoea sindano, lakini kubandika kazoea."

"Mchongaji!" Koplo aliruka. "Afande, walipigana! Mwaka jana Chelewa alisema kinyago chake cha Mama na Mwana ni kiboko anayeumwa jino. Waliachanishwa hapa hapa, kwenye hii kapeti."

Mchongaji walimkuta pembeni ya meza yake, akifuta vumbi vinyago ambavyo tayari vilikuwa safi. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo.

"Kweli nilimpiga," alisema kabla hajaulizwa. "Na angerudia ningempiga tena. Lakini nimuue kwa sababu ya kiboko?"

"Nani amesema ameuawa?"

"Shati lake liko kwenye blanketi la wafu, Inspekta. Sihitaji kwenda shule kwa hilo."

"Kwenye kile kipande kuna gundi ya mbao."

Mchongaji alisimama, akachukua kinyago kikubwa kuliko vyote na kumpakatisha Inspekta kama mtoto. "Tafuta kiungo. Tafuta! Mimi nachonga gogo moja, mwanzo mpaka mwisho. Likipasuka naliwasha moto. Kuniambia mimi natumia gundi ni kunitukana mbele za watu."

Inspekta alikigeuza. Hakukuwa na kiungo. Na kweli kilifanana na kiboko, lakini alinyamaza.

"Gundi ilikuwa pale," mchongaji aliendelea, akionyesha meza ya mlangoni. "Kopo la fundi aliyetengeneza fremu. Jana kila mtu alikuwa anachovya, hata walimu wa shule na michoro ya watoto wao. Kama gundi ndiyo ushahidi, fungeni ukumbi mzima."

Koplo alijikuna shingo. Mshukiwa wake alikuwa amemponyoka kabla hata hajamaliza kumpenda.

Walipotoka hapo walimfuata binti wa duka la dawa, ambaye alikuwa kwenye meza ya mashuka yaliyodariziwa. Alikuwa mmoja wa kikundi cha kushona, na mishono yake ilikuwa midogo kiasi kwamba Inspekta alilazimika kuinamia kitambaa ili aione. Si mtu wa kufunga magunia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa nani kwa Chelewa?"

Binti aliangalia huku na huku, kisha akacheka kicheko kisicho na raha. "Unauliza wewe peke yako, dada. Hapa wanajua mpaka watoto wa chekechea. Tulikuwa tuoane."

"Siku ile ilikuwaje?"

"Alikuwa aende kwa wajomba zangu kujitambulisha. Ndiyo maana alivaa lile shati. Alisema kwanza apite karakana amuage baba yake, halafu tukutane kituo cha basi. Nilimngoja mpaka basi la mwisho. Nikasema ni Chelewa, atakuja tu." Alifuta pua kwa kiganja. "Baadaye nikasikia anamwandikia mama yake yuko mbali. Nikaelewa kwamba amenikimbia. Niliona aibu, sikumwambia mtu."

"Wewe alikuandikia nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Kwa simu."

"Hajaniandikia. Tangu siku ile, hata salamu."

Inspekta aliomba kuiona simu, akaiona, akairudisha. Kisha alisimama katikati ya ukumbi akiwapisha wageni, mpaka Koplo akaanza kuhangaika.

"Afande, unawaza nini?"

"Mtu ana simu ya Chelewa. Anajifanya yeye. Anamwandikia mama yake, anauliza habari za tanuri na mvua. Anajua nyumba ile vizuri. Ungekuwa ni wewe, unataka watu waamini kijana yu hai, ungemwandikia nani mwingine?"

"Mchumba wake. Lazima. Asipomwandikia huyo ndipo watu watashtuka."

"Basi kwa nini hakumwandikia?"

"Labda hajui kama yupo."

"Labda," alisema Inspekta. "Twende jikoni."

Jikoni mama muoka mikate alikuwa ameshapata kazi. Alikuwa akikata mikate ya wageni, kipande baada ya kipande, yote unene mmoja, kana kwamba kisu kile ndicho kilichomshikilia asianguke. Simu yake ilikuwa mezani, imefutwa unga.

"Mama," alisema Inspekta, "nataka umwandikie sasa hivi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie binti anamuulizia. Usitaje jina wala duka. Sema hivi: yule binti ananisumbua kila siku, nimjibu nini?"

Uso wa mama ulichangamka mara moja, na Inspekta alitamani angetazama pengine. "Ndiyo! Hapo utamwona. Huyo kijana kwa yule binti hana ujanja, atajibu mbio mbio. Utajua mwenyewe kwamba ni yeye, mwanangu, na hilo shati tutaulizana baadaye lilipotokea." Akaandika kwa kidole kimoja, midomo ikisoma kila neno. Akatuma. Akaiweka simu katikati ya makombo.

Wakangoja. Nje walitangaza mshindi wa pili wa maboga, watu wakapiga makofi. Katibu aliinjika maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama alichukua kisu, akakiweka, akakichukua tena.

Simu ikatetemeka.

Mama aliiwahi. Alisoma akiwa bado anatabasamu, na tabasamu lile halikuondoka palepale. Lilibaki usoni likiwa halina kazi, mpaka Inspekta akaichukua simu kutoka mkononi mwake.

Ujumbe ulikuwa mfupi. *Binti gani, mama?*

Koplo, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, alivua kofia.

"Si yeye," alisema mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilitisha kuliko kilio. "Mwanangu hawezi kuniuliza hivyo. Aliniambia jina la yule binti kabla hajamwambia binti mwenyewe kwamba anampenda. Inspekta, mimi nimekuwa nikimsimulia nani habari za paka?"

"Mama, nisikilize. Mtu huyu anajua nyumba yako, lakini hajui habari za binti. Katika bonde hili, nani hajui?"

"Wanajua wote. Hata kasisi, hata muuza magazeti. Walikuwa wanamtania sokoni."

"Fikiri."

"Nimekwambia wote, tulimficha mmoja tu, alikuwa ameapa kijana haoi kabla hajamaliza kujifunza kazi, tukaona tungoje mpaka..."

Akakomea hapo. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka mdomoni, ukaziba. Katibu alimshika begani, na birika likaanza kuchemka nyuma yao bila mtu wa kuliondoa.

"Mmoja tu," Inspekta alirudia polepole.

"Baba yake," alisema mama kupitia vidole. "Mume wangu."

Hapo alilia. Alilia kwa sauti iliyowafanya watu ukumbini waache kutazama picha na kutazamana wao kwa wao. Inspekta alibaki naye mpaka alipoweza kupumua, kwa sababu alikuwa amemwahidi kwamba atakuwa wa kwanza kujua, na sasa amejua hata kabla ya polisi. Kisha akamwachia katibu, akatoka na Koplo kwa mlango wa nyuma.

Mzee Msumari alikuwa uani, amepiga goti, anaunga mguu wa meza uliovunjwa na boga. Alifanya kazi bila haraka. Kulia kwa mkewe alikusikia, asingeweza kutokusikia. Hakuinua kichwa.

"Simu, mzee," alisema Inspekta.

Alitia mkono kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, akatoa simu, akampa. Hakuuliza ipi. Kwenye kioo maneno yale matatu ya kuuliza yalikuwa bado yanawaka.

"Yuko wapi?"

"Karakana. Chini ya sakafu, upande wa dirisha." Aliweka nyundo chini kwa uangalifu. "Nilimuosha. Nilifanya yote kama inavyotakiwa, ila sikuwa na mtu wa kunisaidia kumbeba."

Koplo aligeuka pembeni. Hakuwa ametegemea kusikia kitu kama hicho saa ya mchana, karibu na watu wanaokula mikate.

"Nieleze ilivyokuwa."

"Alikuja amevaa vizuri. Akasema anasafiri. Namuuliza wapi, hasemi. Namuuliza kufanya nini, anacheka, anaangalia chini. Anasema, nikirudi nitakuambia, baba. Mimi nikajua ni ulevi au ni wahuni wamempata. Tukasemezana. Nikatoka, nikamfungia kwa nje, hasira zimpoe. Nikaenda kupeleka kabati la mteja." Alijifuta mdomo kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Ndani nilikuwa nimeinjika gundi kwenye jiko la mkaa. Na madirisha nilikuwa nimeyaziba yote kwa matambara, maana nilipaka vanishi, sitaki vumbi. Sikukumbuka. Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, kila mwanafunzi namwambia, mkaa na chumba kilichofungwa ni kaburi. Na sikukumbuka."

"Kwa nini hukusema? Ilikuwa ajali."

"Nimwambie nini mama yake? Kwamba mlango niliufunga mimi?" Alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Siku ya kwanza niliandika ili alale tu. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake akajibu, amefurahi. Ukishamfurahisha mtu kwa uongo, kumrudisha ni kazi."

"Na shati?"

"Wiki nzima napigilia ukuta watundike lile blanketi. Kila kipande kina mtu wake, watu wanakuja wanashika, wanasema huyu ni fulani. Wa kwangu hana hata pa kushikwa." "Nilikata mkia. Nilidhani mkia hakuna anayeujua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, lakini Inspekta hakuitamka methali hiyo. Alikuwa na hasira na alikuwa na huruma, na vyote viwili havikumsaidia.

"Alikuwa anakwenda kwa wajomba wa mchumba wake," alisema. "Kujitambulisha. Angerudi baada ya siku chache. Walikuficha kwa sababu uliapa haoi."

Mzee alibaki na goti lake chini. Alionekana kama hajasikia vizuri.

"Mchumba," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilisema vile ili akaze kazi. Wazazi si ndivyo tunavyosema?" Akatikisa kichwa. "Inspekta, mbao za kitanda chake cha ndoa nilishazikausha. Nzuri, ngumu, sijamuuzia mtu. Nilikuwa namngoja aniambie. Zile ndizo nilizomzikia."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Alikuwa binti wa duka la dawa, ametumwa kumwita Inspekta jikoni, hajaambiwa lolote zaidi ya hapo. Aliwaona wote watatu, akasita. Kwa muda wote ule wa siri alikuwa akimpisha mzee huyu njiani kama mgeni, akihofia uso wake utamsaliti. Sasa, baada ya lile shati, hapakuwa na siri ya kulinda. Akapiga goti kidogo, macho chini.

"Shikamoo, baba."

Msumari alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, kama anayetaka kumkariri.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na akamnyooshea Koplo mikono yote miwili afungwe pingu.